Sindano inaruka, waimbaji wanavuta

SWALI: Fundi, salaam. Kaka yangu amenitumia mashine ya santuri kutoka Marekani, nisikilize sahani za marehemu baba. Nimeipitisha kwenye transfoma ya kushusha umeme, waya za sauti nikazichomeka AUX ya redio. Waimbaji wote wanavuta kama wana usingizi, sauti ni ndogo haina besi, na sindano ilikuwa inaruka mpaka nilipoiwekea sarafu ya shilingi mia juu yake. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, sarafu hiyo itoe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Sindano nyingi za mashine za namna hii hukanyaga sahani kwa gramu moja na nusu hadi mbili. Ukiipandishia sarafu, inalima, na mfereji ukishalimwa haurudi.

Weka mashine mezani, ipime kwa pimamaji ya fundi mwashi. Toa kifuniko cha sindano, kisha zungusha uzani wa nyuma ya mkono mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala kushuka. Hapo shika uzani usizunguke, geuza ile pete ya namba tu isome sifuri. Sasa zungusha uzani na pete pamoja hadi namba aliyoandika mtengenezaji wa sindano. Kidude cha pembeni kinachozuia mkono usivutwe katikati kiwekee namba hiyohiyo. Ikiruka bado, kagua uchafu, au sindano imelika.

Sauti kuwa ndogo si ubovu. Sindano hutoa milivolti chache tu, tano hivi, na sahani inapochongwa besi hupunguzwa makusudi, ili mifereji isitanuke ikala nafasi yote. AUX hairudishi besi hiyo. Inahitajika tundu la PHONO, na redio za siku hizi nyingi hazina. Kabla hujanunua preampu (kisanduku kinachokuza sauti ya sindano na kurudisha besi), chungulia nyuma ya mashine: huenda kuna swichi ya PHONO na LINE, isogeze LINE, umemaliza. Ukiishia kutumia preampu, ule waya mwembamba uliobaki ufunge kwenye skrubu ya GND, la sivyo utasikia mngurumo.

Hao wenye usingizi ndio kazi kubwa. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi, yaani mitikisiko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mota ya AC ya zamani hufuata hezi. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya 28. Wateja wangu huwa wanalaumu mkanda wa mpira unaozungusha sahani, wananunua mpya, na hali inabaki ileile. Mwambie fundi akubadilishie puli ya mota (kigurudumu kinachovuta mkanda) iwe ya hezi 50. Kama mashine inatumia adapta ya DC, basi hapo kweli tazama mkanda, au mahali pa kurekebishia mwendo.

Na kama mzee aliacha zile sahani nzito za mizunguko 78, za enzi za Siti binti Saad, zinazovunjika kama kigae, usizipige kwa sindano hii. Mifereji yake ni mipana, zina sindano yao nene. Wala usizifute kwa spiriti: zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti inaiyeyusha.