Tulifahamiana kwa kifusi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, unawafahamu majirani zako, na mlifahamianaje?" Majirani wa Mwananyamala, nilikopanga zamani, niliwafahamu wote: Mama fulani, Baba fulani, na tabia za kila mmoja. Hawa wa Goba ninaoishi nao sasa, kwa muda mrefu niliwafahamu kwa rangi za mageti yao tu. Si kwamba watu wa Goba wana roho mbaya. Ni kwamba hatukuwa na kitu cha kugombania.

Nyumba ya Mwananyamala ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, na uani bomba moja, choo kimoja. Mita ya Luku pia moja. Kwenye nyumba ya namna hiyo kufahamiana si hiari. Umeme ukiisha, lazima mmoja apite mlango kwa mlango kukusanya hela, na hapo ndipo unapojua nani hutoa kabla hajaombwa, nani hujifanya amelala, na nani ana friji chumbani huku akiapa anatumia taa tu. (Pasi na friji zimenunisha watu kuliko umbea, na umbea nao haukuwa haba.) Zamu ya kufagia uani nayo ilikuwa na kesi zake. Lakini mtu yule yule uliyemnunia asubuhi kwa ajili ya pasi ndiye unayemwachia mtoto na ufunguo mchana ukienda sokoni. Na usiku mtoto akishikwa na degedege, hukuhitaji kumpigia mtu simu. Nyumba haikuwa na dari, kila chumba kilisikia.

Sitaki kuipamba sana. Ukipika maharage wiki nzima watu wanajua, ukigombana na mumeo watu wanajua, na mgeni wako ataulizwa alikotoka kabla hujamkaribisha soda. Wengi tulihama kwa kuyakimbia hayo, na tulipopata viwanja tulianza na uzio, nyumba ikafuata. Sasa kila mtu ana mita yake, tenki lake na mbwa wake, na salamu tunapeana kwa honi.

Zamani kazi ya kuwajuanisha watu ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi, utaratibu uliowekwa na chama cha TANU kilipokuwa madarakani miaka ya sitini. Mgeni alipelekwa kwake, ugomvi ulipelekwa kwake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi akabaki kuwa wa chama, mambo ya serikali yakaenda ofisi ya mtaa, ingawa hadi leo ukitaka barua ya utambulisho utasikia watu wakikwambia "anza kwa mjumbe", yaani balozi huyo huyo. Wenzetu wa Kenya waliuchukua mpango wa nyumba kumi mwaka 2013, baada ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, kwa ajili ya usalama. Sina ugomvi nao, ila kumjua jirani ili umripoti na kumjua ili umwombe chumvi, kwangu mimi ni mambo mawili.

Kwa anayehamia mtaa mpya, njia ninayoiamini ni msiba. Harusi inataka kadi. Msiba unataka miguu yako tu. Ukiona turubai limefungwa, nenda, hata kama marehemu humjui. Andikisha rambirambi kwenye daftari, halafu usikae kwenye kiti ukachezea simu. Kama ni mwanamke, pita nyuma kwenye masufuria uombe kisu cha kumenyea vitunguu. Huko nyuma ndiko mtaa wote uliko. Kabla sufuria la wali halijaepuliwa utakuwa umeshajua nani ni nesi, nani anauza maziwa, na fundi gani wa bomba usimpe hela ya mbele. Wanaume nao wana bao lao chini ya mti, hilo watalieleza wenyewe.

Goba yetu iliokolewa na masika. Mvua ilikata njia inayopanda kwetu, magari yakalala bondeni, na wenye mageti makubwa wakapanda kilima kwa miguu, viatu mkononi, pamoja na sisi wa bodaboda. Wiki ile ile likaundwa kundi la WhatsApp, akachaguliwa mweka hazina, tukachangishana kununua kifusi. Yule wa geti la bluu, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, kumbe ni mcheshi na ana fuso. Malori mengine yalikuja kwa bei ya mafuta tu. Ramadhani iliyofuata sahani ya futari ilipita kwangu kutoka nyumba ambayo hata kengele yake sikuwahi kuibonyeza, nikairudisha na maandazi.

Hela ya kifusi bado wapo ambao hawajamaliza. Tunawajua kwa majina, na mweka hazina huwakumbusha kila Jumapili jioni, kundini, mbele ya wote.

Msomaji, Goba, Dar es Salaam