Yuka imekauka yote, niing'oe au niiache? Maswali ya bustani, Mtwara na Lindi

Haya wapendwa, wiki hii meseji karibu zote zinahusu yuka, ule mmea wa majani marefu yenye ncha kali ambao siku hizi kila anayemaliza kujenga huku kwetu anaupanda getini. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Wa korosho mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Shikamoo bwana shamba. Yuka yangu ni ya miaka mingi, imepita kimo cha dirisha. Tangu mvua za Machi majani yalianza njano yakalegea, sasa yote ni kahawia yananing'inia tu. Baba watoto anataka kuing'oa apande mpapai. Imekufa kweli? (Mikindani)

Marahaba mama. Mwambie baba aweke jembe chini kwanza, mpapai utapandwa tu hata mwezi ujao. Majani ya yuka yasikutishe, uhai wake uko kwenye shina na mizizi. Chukua kisu kwangua ganda kidogo tu, anza juu, alafu katikati, alafu karibu na udongo. Ukikuta chini ya ganda pana unyevu, pakijani au peupe, hapo ni pazima, ukikuta kahawia pakavu pamekufa, na mara nyingi utakuta juu pamekufa ila chini pazima kabisa. Alafu bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu una matumaini, likibonyea kama papai lililoiva sana na linatoa harufu, hapo kuna kuoza na inabidi ukate haraka.

Sasa mbona imekauka wakati wa mvua? Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Mizizi nayo inahitaji hewa, udongo ukijaa maji siku nyingi hewa inatoka, mizizi inaoza, na mzizi uliooza haunywi maji hata ukiwa umelala ndani yake, kwaiyo majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu, mwenye nyumba akiona vile anakimbilia ndoo anamwagia tena. Yani ndo anaimalizia. Huu mmea asili yake ni Amerika, Mexico na nchi za jirani, sehemu nyingi ni kukavu, kiu unaivumilia miezi, maji yaliyotuama hauyawezi. Mi nasema wazi, yuka nyingi ninazoziona zimekufa huku hazikufa kwa jua, zimekufa kwa kupendwa.

Kaka habari, mimi niko Lindi mjini, kwangu maji yanatuama sana, tangu ile mvua ya kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 bustani haijakaa sawa. Nimekata yuka juu nimekuta ndani kahawia, nikakata tena bado kahawia. Niendelee? Na naweza kupaka salfa ya mikorosho?

Salama. Endelea, usiogope. Panga liwe kali na ulifute na spiriti kila unapokata, maana ukilitoa kwenye uozo ukaliingiza kwenye nyama nzima unahamisha ugonjwa mwenyewe. Unashuka kidogo kidogo mpaka ukutane na nyama nyeupe tupu isiyo na duara wala doa la kahawia, hapo unasimama. Kata mshazari ili maji ya mvua yateleze, usiache kibakuli juu ya kisiki.

Salfa ni dawa ya ubwiriunga kwenye mikorosho, inazuia ukungu, haiponyeshi shina lililooza ndani, kwaiyo usidhani utapuliza na uozo utarudi nyuma. Ila ukishafika kwenye nyama nzima unaweza kupaka unga wake kidogo pale kwenye kidonda pakauke salama, sio mbaya. Kwenye majani usipake jua likiwa kali, yataungua.

Kama kahawia imeshuka mpaka usawa wa ardhi, fukua taratibu uangalie mizizi. Mweusi unaotoka mkononi kama uji umekwisha, kata tupa, mgumu uache. Hata shina lote likiondoka, sehemu ya chini ikiwa nzima inaweza kutoa machipukizi. Na hapo kwenu panapotuama, usiirudishe kwenye shimo lile lile, tengeneza tuta, changanya mchanga na kokoto ndogo, ikae juu ya usawa wa maji.

Baada ya kukata usimwagie kila siku na usiweke samadi mpaka uone majani mapya. Watu wakishakata wanaleta mbolea ya mbuzi mbichi debe zima, eti inapata nguvu. Haina mizizi ya kula hiyo mbolea jamani! Machipukizi yanaweza kutoka ndani ya wiki nne mpaka nane, ukikata Juni au Julai wakati wa kipupwe yanaweza kuchelewa zaidi. Ila kila baada ya siku kadhaa bonyeza shina, likiwa bado gumu endelea kusubiri.

Bwana shamba, yuka yangu ilitoa bonge la ua jeupe, baadae kichwa kikaanza kukauka. Mzee mmoja kaniambia ni ndugu wa mkonge, ukishachanua unakufa. Kweli? (Masasi)

Mzee kapatia nusu. Ndugu ni kweli, ukoo mmoja na huo mkonge wa Kikwetu, lile shamba la Lindi, ambao nao ni mgeni, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu na ndo ikazaa mashamba yote yale. Mkonge unachanua mara moja unatoa mlingoti wake mrefu, unaangusha vimche, unakufa. Yuka yenye shina haifi hivyo. Kile kichwa kilichotoa ua kinasimama kukua, alafu pembeni yake vinatoka vichwa vipya, ndo maana yuka kongwe ina matawi. Wewe kata bua la ua tu, shina liache. Kama yako ni ile fupi isiyo na shina inayokaa chini, hapo fungu lililochanua linaweza kufa kweli ila watoto wa pembeni wanabaki wanaendelea.

Na usisubiri mbegu. Wadudu wanaochavusha maua yake ni nondo maalumu wa kule Amerika, huku hawapo, kwaiyo mara nyingi ua linapukutika tu.

Iko kwenye poti sebuleni, namwagia asubuhi na jioni, inazidi kuwa njano. (Shangani)

Dada, asubuhi NA jioni? Acha. Hakikisha poti ina matundu chini, mwaga yale maji kwenye kisahani, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kukiwa na unyevu usimwagie. Sogeza dirishani.

Yuka imeanguka yenyewe bila upepo, shina ndani lina matundu na funza weupe wanene wasio na miguu. Pia naona mchwa. (Mingoyo)

Hiyo sasa ni habari nyingine. Funza hao inaelekea ni wa fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, anasumbua mashamba ya mkonge na yuka anaila pia. Anataga chini kwenye shina, watoto wanatafuna ndani na uozo unaingia nyuma yao, kwa nje unaona mmea una afya mpaka siku unapoanguka. Hii usijaribu kuifufua kaka, ng'oa yote na mizizi, choma moto, usipande yuka nyingine hapo hapo, na kagua za jirani kwa kuzitikisa shingoni. Mchwa wao wamefuata mti mkavu tu, sio wauaji.

Kisima changu kina maji ya chumvi, ncha za majani zinaungua. (Kilwa Masoko)

Yuka inavumilia chumvi kuliko maua mengi, kuungua ncha peke yake sio kufa. Kata ncha kwa mkasi, na wakati wa mvua iache ioshwe na maji ya mbinguni.

Vile vipande vya juu nilivyokata, vinaota? (Newala)

Vinaota, ilimradi nyama iwe nyeupe nzima. Kata kipande cha urefu wa mkono, weka alama upande wa juu maana ukikipanda kichwa chini hakioti, kiache kivulini siku tano mpaka saba kidonda kikauke, alafu zika theluthi moja kwenye mchanga. Kwenu huko juu maji ni ya shida, hii ni raha kwako, maana inataka maji kidogo sana mpaka itoe mizizi.

Mbuzi wa jirani kala yuka yangu mpaka katikati. Itarudi? Na nimdai? (Nachingwea)

Kama kile kiini cha katikati kimebaki, majani yatatoka hapo hapo. Kama kimeliwa, itachipua pembeni ya shina, weka miiba kuzunguka usubiri. Ya kumdai jirani sio kitengo changu, nenda kwa mjumbe.