Kodi ya mshahara: 103,000 imetoka wapi?

Dada yangu wa Masasi, umesema ghala la korosho linakulipa 900,000 kwa mwezi, nawe ni mchangiaji wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10, lakini hati ya mshahara inaonyesha PAYE, yaani kodi ya mshahara, 103,000. Umezidishiwa. Aliyepiga hesabu ameanzia kwenye 900,000 yote.

Mchango wa NSSF hutolewa kwanza: 900,000 toa 90,000, inabaki 810,000. Hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, 270,000 ya mwanzo haiguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Iliyobaki ni 50,000 tu, kwa asilimia 25: 12,500. Jumla 80,500. Tofauti ya 22,500 kwa mwezi si ya kunyamazia. Mwonyeshe mhasibu mstari kwa mstari.

Anayekutisha kwamba ukipandishwa mshahara utapeleka nyumbani pungufu, mpuuze. Asilimia kubwa hugusa kipande cha juu pekee.

Kama una deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi, lile kato la asilimia 15 ya mshahara wa msingi halipunguzi kodi, linakatwa kivyake.