Mtafute kwanza wa kumsimulia

Wengi hutaka kujifunza jambo jipya kila siku, wakaanza kwa kununua daftari. Ushauri wangu ni huu: kabla ya daftari, mtafute mtu utakayemsimulia. Mimi naishi Mikindani, Mtwara, na binti wa dada yangu, yuko shule ya msingi. Tukishakula usiku, huniuliza, "Mjomba, leo una nini?" Kwa ajili ya swali hilo, mchana kutwa macho na masikio yangu yako wazi.

Kusimulia hukuonyesha mahali usipoelewa. Nilisoma habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kule Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Leo amesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nikamweleza mtoto nikidhani nimemaliza. Akauliza, "Sasa mifupa mizito hivyo ilifikaje baharini?" Kesho yake ikabidi nirudi kusoma. Ilibebwa na wapagazi, kwa miguu, siku kadhaa porini mpaka bandari ya Lindi. Na waliochimba na kubeba walikuwa mamia ya watu wa huku kwetu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko hata kimo cha mjusi, na nisingeifikia bila swali la mtoto.

Si lazima usome. Uliza watu kuhusu kazi zao, ila salimia vizuri kwanza na usiulize kwa haraka. Jirani yangu mwenye mikorosho nilimuuliza kwa nini salfa hupulizwa alfajiri. Alinieleza kuwa saa hizo upepo umetulia, na umande ulio kwenye majani husaidia unga kushika. Salfa hiyo ni kinga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua. Maua yakiharibika, korosho hakuna. Nimepita chini ya mikorosho tangu utotoni na sikuwahi kujua hilo.

Unaposimulia, sema ulikolipata jambo: umeona mwenyewe, umesoma, au umeambiwa. Uvumi wa kwenye simu uache hukohuko mpaka uuhakikishe.

Kuna siku utarudi umechoka, huna kitu. Usitunge. Mwambie mwenzako naye akufundishe. Juzi zamu ilikuwa ya binti: alinieleza kuwa ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana bibi yake akizichoma hataki watoto wasogee kwenye moshi. Nikamuuliza kiini kinatolewaje bila kuguswa na mafuta hayo. Hakujua, nami sijui vizuri. Jumamosi tunakwenda kwa mama mmoja anayebangua korosho, tukamuulize pamoja.