Zibua masikio kabla hayajauma

Kaskazi ikitulia na maji yakawa meupe, watu wa Kizingitini na Faza, kisiwani Pate huko Lamu, huzamia miambani kutafuta kamba mawe. Masikio mengi huharibikia hapo, tena katika pima mbili za mwanzo (kama mita tatu na nusu), si kilindini.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na mwisho wake pana ngoma: utando wa upana usiofika sentimita moja, mwembamba kama karatasi. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo cha hewa chenye vifupa vitatu vilivyoshikana, nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni kidogo kuliko punje ya mchele. Vifupa hivi huusukuma mtikisiko wa ngoma mpaka kwenye komboli, mrija wenye maji uliojikunja kama konokono, na kutoka hapo mshipa wa fahamu huupeleka ubongoni. Ubavuni mwa komboli ipo mifereji mitatu ya kushika mizani ya mwili.

Chumba kile cha hewa kina mlango mmoja tu, mrija wa kama sentimita 3.5 unaoshukia nyuma ya pua. Muda mwingi umefumba. Hufunguka ukimeza mate au ukipiga mwayo, na ule mlio mdogo wa "tak" unaousikia ndio huo.

Sasa hesabu ya maji. Ukishuka mita 10, mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu. Ili uongezeke mara mbili tena, ni mpaka ufike mita 30. Ndiyo maana karibu na uso wa maji ngoma husukumwa ndani kwa kasi kubwa zaidi. Na ukipita mita moja na kitu bila kuzibua, yaani bila kuufungua ule mrija hewa iingie chumbani, mgandamizo huo huo huubana mrija ukajifunga, na hapo hata upulize vipi haufunguki.

Kwa hiyo anza ungali juu. Bana pua, funga mdomo, pulizia puani taratibu mpaka usikie "tak" pande zote mbili. Rudia kila nusu mita, hasa mwanzoni, bila kungoja maumivu. Sikio likigoma, panda mita moja, meza mate, jaribu tena. Likigoma mara ya pili, toka majini. Usipulize kwa nguvu: nguvu hizo huweza kupasua utando wa sikio la ndani, na usikivu unaopotea hivyo huenda usirudi.

Ukiwa na mafua usizamie kabisa, kwa kuwa mrija umevimba. Wala usizibe masikio kwa pamba yenye mafuta au vizibo. Hewa inayobaki kati ya kizibo na ngoma huna njia ya kuizibua, na maji hukisukuma kizibo ndani.

Ngoma ikipasuka, maji ya baridi huingia chumbani na kuishtua ile mifereji ya mizani. Dunia yote huzunguka, hujui juu wala chini. Shika mwamba au kamba ya nanga, upande ukiifuata. Kizunguzungu hupungua maji yakishapata joto la mwili. Ukifika juu usitie kitu sikioni, si mafuta ya nazi, si kitunguu thaumu. Liweke kavu, nenda kwa daktari, na usirudi majini mpaka aione ngoma imeziba. Nyingi huziba zenyewe kwa wiki kadhaa. Asikudanganye mtu kwamba sikio lililotoboka ndilo zuri la kuzamia. Tundu hilo ni njia ya usaha.

Maumivu ya siku ya pili yapime hivi: vuta sikio kwa nje. Yakizidi, ugonjwa uko kwenye tundu, mara nyingi kwa kuchokoa na unyoya wa kuku au njiti ya kiberiti. Nta unayoichokoa ndiyo inayozuia maji yasiloweshe ngozi ya humo. Iache, inamisha kichwa upande, vuta sikio juu na nyuma, maji yatoke yenyewe.