Kabati la bibi linatoa unga: nipake oili chafu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimerithi kabati la msaji la marehemu bibi, lenye milango ya vioo, naliwekea vyombo. Kila nikifagia nakuta unga mweupe chini yake, na ubao wa mgongoni umejaa vitundu. Jirani ananishauri nizibe vitundu kwa nta, kisha nilipake oili chafu lote. Nifanye hivyo?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Usipake, dada yangu. Swali hili nalipata karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja na kabati ambalo limeshaanza kunuka gereji.

Kitundu unachokiona ni pale bungua, yule mdudu anayekula mbao, alipotokea. Aliyekitoboa kashaondoka. Wanaokula ni watoto wake, na hao wamo ndani ya mbao, ambako wanaweza kukaa miezi, hata mwaka mzima, bila kutoa pua nje. Majuzi nilipasua ubavu wa droo iliyopakwa oili mara tatu. Juu mbao ilikuwa nyeusi tititi. Sentimita moja chini yake ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka msituni, na funza amejikunja humo, mnene kama punje ya mchele, mzima kabisa. Oili haikumfikia. Ilichofanya ni kuharibu polishi ya zamani, na sasa gundi haishiki wala vanishi haikauki. Nta nayo inaficha tu. Atakayekomaa atatoboa kitundu kingine pembeni.

Kwanza hakikisha kama wadudu wapo hai. Kung'uta na kupiga brashi kabati lote, maana unga wa zamani huendelea kudondoka kila mlango ukibamizwa. Tandika karatasi nyeusi chini, usubiri wiki tatu. Unga laini kama wa ngano ni bungua. Ukikuta chembechembe ngumu kama mchanga, huyo ni mchwa wa mbao kavu, na kazi yake ni nyingine: mwite mtaalamu. Angalia pia midomo ya vitundu. Kipya ndani yake ni cheupe, cha zamani kimeshaingia uchafu.

Kwa maelezo yako, naamini msaji wenyewe ni mzima. Kiini cha msaji, bungua hawezi kukila. Anakula ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, na migongo na sakafu za droo, ambazo mafundi wa zamani walizipiga kwa mbao hafifu kwa kuwa hazionekani. Ubao wa mgongo ung'oe, uuchome, uweke mwingine mkavu uliotiwa dawa. Droo zifunge vizuri kwenye nailoni, zilaze kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na usifungue nailoni mpaka zirudie joto la chumba, la sivyo zitalowa. Sehemu za ndani zisizo na polishi zipake maji ya borati (dawa ya kuua wadudu wa mbao), mkono wa pili na wa tatu, kisha ziache zikauke kabisa kabla ya kurudisha vyombo. Msasa usiguse uso wa mbele. Ile rangi ya asali imechukua miaka mingi kupatikana, na fundi wa mashine anaiondoa kwa dakika kumi.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko oili. Wapo wanaojiita wataalamu wa wadudu, wanapita mitaani na vidonge vya kuhifadhia mahindi, wanavitumbukiza kabatini na kufunga mlango. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kabati si ghala. Gesi inapita kwenye nyufa na kuingia chumba cha kulala, na imeshaua familia zilizolala. Haina dawa ya kuizima mwilini. Harufu yake, kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, si ya kutegemea, kwa kuwa inaweza kukudhuru kabla hujainusa. Mtu akikuletea dawa kwenye chupa isiyo na lebo, au vidonge kwenye karatasi, mrudishe mlangoni hata kama ni bei ya chee. Na kama vidonge vimeshawekwa, tokeni nje nyote, waiteni zimamoto, wala msivimwagie maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoifanya gesi itoke kwa kasi.