Magurudumu Yakigoma Kushuka, Kwa Nini Rubani wa Jeshi Haharakishi Kutua?

Swali: Ninafundisha fizikia Moshi. Wanafunzi wangu wanauliza: ndege ya mizigo ya jeshi ikishindwa kushusha magurudumu, kwa nini huzunguka angani badala ya kutua upesi? Na kwa nini waliomo wasiruke kwa miavuli?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali lako. Kiti kinachomrusha rubani nje kimo katika ndege za kivita. Ndege ya mizigo haina kiti hicho. Tena ndege ambayo injini zake zinanguruma vizuri na inayotii usukani ni mahali salama kuliko mwavuli kwa mtu asiyefunzwa kuutumia. Tarehe 1 Novemba 2011 Boeing 767 ya Poland ilitua kwa tumbo mjini Warsaw ikiwa na watu 231, na wote wakatoka salama.

Kuzunguka ndiko kunakowapa marubani na wenzao nafasi ya kufanya kazi. Kwanza huhakikisha kama kweli gurudumu limegoma au ni taa yake tu iliyoungua. Katika C-130, ndege ya mizigo ya jeshi, ikiwa haidroliki (mfumo unaosukuma kwa kimiminika chenye shinikizo) imeshindwa kushusha magurudumu makuu, mmoja wao huenda nyuma penye mizigo, akachomeka mkono wa chuma na kuanza kuzungusha, akiyashusha kidogo kidogo kwa nguvu za mabega yake. Wakati huo mafuta yanapungua, hivyo ndege itagusa ardhi ikiwa nyepesi na moto, ukitokea, utakuwa na kidogo cha kuunguza.

Hata hivyo, muda huohuo umeua watu, na hili ningeomba uwasisitizie wanafunzi. Mwaka 1972, huko Florida, marubani wa ndege ya abiria waliinamia taa moja ya gurudumu la mbele hata hakuna aliyeona kwamba ndege inashuka. Watu 101 walikufa, ilhali gurudumu lenyewe lilikuwa limeshuka. Mwaka 1978 ndege nyingine ilizunguka karibu na Portland kwa takriban saa nzima kwa sababu ya magurudumu, ikaishiwa mafuta, na watu 10 wakafa. Ndiyo maana leo, wengine wakihangaika na hitilafu, mmoja hana kazi nyingine ila kuirusha ndege, na kiasi cha mafuta husomwa kwa sauti.

Kwa hesabu ya darasani, chukueni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), ulio karibu mita 890 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo, joto likiwa sawa, ndege ileile hugusa ardhi ya KIA kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 5. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, msuguano wa tumbo na lami utalazimika kumeza takriban asilimia 10 zaidi, na ndege itateleza mbali zaidi kabla magari ya zimamoto hayajaifikia.